Simu ya kusakia makasha pasipo mtandao: ipi iwe ya kwanza, ipi uiache dukani

Makasha mazuri ya jiokashingi, ule mchezo wa kusaka kwa GPS makasha yaliyofichwa na wachezaji wengine, hayafichwi chini ya mnara wa simu. Yanafichwa bondeni, nyuma ya mwamba, katikati ya msitu ambako bando lako halina kazi. Niliwahi kufika mita chache tu kutoka kwenye kasha, mvua inanyesha, nikafungua simu nisome kidokezo nikakuta sina. Viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali kasha lilipo, nilikuwa navyo; maelezo sikuwa nayo. Nilizunguka pale zaidi ya saa nzima, nikarudi mikono mitupu. Tangu siku ile kila simu naiuliza maswali mawili: ukikatiwa mtandao kabisa, utanifikisha? Na nikifika, utaniambia natafuta nini?

Swali la kwanza ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani, maana GPS haili data. Simu inasikiliza setilaiti, basi. Mchezo wenyewe ulianza hivyo. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo ya vitu karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza viwianishi vyake kwenye intaneti. Walioifuata walikuwa na vipokezi vya mkononi tu. Kazi ya mtandao ni kuharakisha: unaieleza simu mapema setilaiti ziko wapi. Usipokuwepo, simu inasoma taarifa hizo kutoka angani yenyewe, na ukiwa mahali peupe inaweza kuchukua nusu dakika au dakika kadhaa. Simama, subiri. Usiilaumu simu kabla haijapewa nafasi ya kuona anga.

Kuna kifaa kimoja ambacho matangazo hayakitaji kabisa, nacho ndicho kinachowaponza wanunuzi wengi: dira, yaani kihisi cha sumaku. Simu nyingi za bei ya chini zina GPS lakini hazina dira. Ukiwa unatembea hutagundua, kwa sababu programu inakisia uelekeo kutokana na mwendo wako. Tatizo linaanza mita kumi za mwisho, unaposimama na kugeuka huku na huku. Hapo mshale unaganda, au unaruka ovyo, na wewe unahitaji kujua kama ni mti wa kushoto au wa kulia. Simu isiyo na dira sikushauri uinunue kwa kazi hii hata ikiwa na kamera ya ajabu. Na ukishapata yenye dira, usiivishe kava lenye sumaku.

Jambo la pili ni masafa mawili ya setilaiti, L1 na L5. Chini ya miti minene au kando ya genge, mawimbi yanagonga vitu na kurudi yamechelewa, na simu inadhani uko upande wa pili wa kijito. L5 inaisaidia kutofautisha wimbi la kweli na mwangwi wake. Simu ya kwanza kuuzwa ikiwa na uwezo huo ilikuwa Xiaomi Mi 8 ya mwaka 2018. Upande wa iPhone ulianza na 14 Pro mwaka 2022. Programu ya GPSTest, ambayo ni ya Android na ni ya bure, itakuonyesha kama simu uliyoishika inapokea L5. Angalia mwenyewe, kwa kuwa simu mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na chipu tofauti kutegemea soko zilikopelekwa.

Nafasi ya kuhifadhi isikutishe. Maelezo ya makasha elfu moja ni megabaiti chache tu, maandishi matupu. Kinachokula nafasi ni ramani na picha. Gigabaiti 64 zinatosha kabisa, na tundu la memori kadi likiwepo, vizuri zaidi. Pesa ya kuongeza hadi 256 iweke kwenye pawabenki.

Sasa mpangilio wangu.

1. Android ya daraja la kati yenye dira na L5

Hii naiweka juu bila kusita, na sababu kubwa ni programu ya c:geo. Iko kwenye Android pekee, ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na imetengenezwa na watu wanaoucheza mchezo huu. Inahifadhi maelezo, kidokezo, kumbukumbu za waliotangulia na hata picha. Inafungua faili za GPX, zinazobeba viwianishi na maelezo ya makasha. Inakubali ramani za OpenStreetMap, zile za bure zinazochorwa na watu wa kujitolea, ulizopakua nyumbani. Tafuta betri ya mAh 5000 hivi na skrini inayosomeka juani. Hilo la jua lijaribu nje, kwani ndani ya duka kila skrini inang'aa. Toleo la mwaka uliopita litakufaa sawa na la mwaka huu, mradi bado linapokea masasisho.

2. Simu ya kazi ngumu yenye betri ya kuchomoa

Samsung Galaxy XCover6 Pro ya mwaka 2022 ndiyo mfano ninaoupenda: betri yake ya mAh 4050 inachomoka, ina tundu la kadi, na kiwango chake ni IP68, yaani vumbi haliingii na inahimili kuzama majini kwa kina na muda uliotajwa na mtengenezaji. Betri ya akiba mfukoni inakurudisha kwenye asilimia mia papo hapo, pasipo waya. Kwa anayelala porini siku tatu, hii ingekuwa namba moja. Nimeishusha kwa sababu kwa matumizi ya kila siku ni nene, na bei yake inakupa simu yenye kasi zaidi kwingineko. Zile nzito za betri kubwa kupita kiasi zinadumu kweli, ila jaribu kuishika kwa mkono mmoja dakika ishirini kabla hujalipa.

3. iPhone

Dira na GPS havina shaka. Programu ya kununua ni Cachly, inalipiwa, nayo inashughulikia makasha na ramani nje ya mtandao vizuri sana. Hakuna memori kadi. Ukinunua iliyotumika, fungua mipangilio ya betri uone afya yake, kwa sababu betri iliyochoka huweza kuzima ghafla kwenye baridi.

4. Ile iliyolala kwenye droo

Kabla ya kununua chochote, itoe. Haihitaji laini. Ikiwa ina dira na programu unayotaka bado inakubali toleo lake la Android, unayo simu ya porini isiyokugharimu, na ile ya kila siku inabaki na chaji kwa dharura.

Za kuacha

Android mpya ya bei ya chini kabisa isiyo na dira, na tableti ya iPad ya Wi-Fi pekee. Hiyo ya pili haina GPS hata kidogo. Itakuonyesha ulipo ukiwa nyumbani kwa msaada wa Wi-Fi, kisha porini inapotea pamoja na wewe.

Ukiwa na muuzaji mwenye subira, weka simu kwenye hali ya ndegeni, toka naye nje, fungua GPSTest na usubiri. Kisha simama palepale, jizungushe polepole na utazame kama uelekeo unakufuata.

Simu nzuri bado inaweza kukuangusha kwa faili mbaya, na hapo ndipo nilipokosea mimi. Faili ya aina ya LOC ina jina na viwianishi, lakini haina maelezo wala kidokezo. GPX inayotoka kwenye Pocket Query, orodha ya makasha unayojiandalia kwenye Geocaching.com, tovuti kuu ya mchezo, na ambayo ni huduma ya wanachama wa Premium, yaani wanaolipia, inabeba makasha hadi 1000 pamoja na maelezo, kidokezo na kumbukumbu chache za karibuni. Picha haizibebi, kwa hiyo zile za kasha unalolitaka sana zihifadhi kwa programu. Usiku wa kabla ya safari, zima mtandao ukiwa bado sebuleni, fungua kasha moja, soma kidokezo chake mpaka mwisho, vuta ramani karibu uone kama njia ndogo zinatokea. Kama kitu hakifunguki, Wi-Fi bado iko hatua mbili kutoka ulipokaa.