Zahanati ya mtaa wa pili: nyota nne, ya tano imebaki koridoni

Napangisha chumba hapa Soweto, Moshi, kwa wageni wanaokuja kujitolea. Mwaka wa sita sasa. Kila mgeni wangu huharisha wiki ya kwanza, hilo nimelizoea, pakiti za ORS nimeziweka kabatini pamoja na majani ya chai. Huyu wa safari hii, binti wa Kijerumani wa miaka 22 ambaye majirani wamembatiza Manka, ndiye aliyenitoa jasho.

Manka anafundisha shule moja ya Mabogini, huko kwenye mashamba ya mpunga, mbu kibao. Wiki ya tatu akaanza kushindwa kumeza. Chai inamchoma kifuani, ugali ndiyo usiseme. Uso umeiva, ngozi ya mikono inabanduka. Nikampikia mtori, nikampa na vile vidonge vya kutafuna vya kupunguza asidi, nikajua ni vidonda vya tumbo.

Mahali pa kwanza tulipokwenda (si hapa) hawakumuuliza hata maswali mawili. Damu, mkojo, majibu haya hapa: taifodi na UTI. Sijui kama kuna mtu aliwahi kupima mji huu akavikosa vyote viwili. Dripu moja, mfuko wa dawa, 95,000. Usiku akazitapika zote.

Kesho yake ndipo tukaja hapa. Foleni saa nzima na ushee kwenye benchi la mbao, feni imekufa. Hilo nalisamehe. Tabibu ni kijana mdogo tu. Mimi nimeshaanza, "Dokta, huyu tumbo linamsumbua tangu..." akanikatiza kwa adabu: "Mama, samahani, niache nimsikie mwenyewe." Akamgeuzia Manka kiti. Kiingereza chake cha kuungaunga, cha Manka nacho hivyo hivyo, wakaelewana vizuri kuliko mimi na yeye tunavyoelewana nyumbani.

Akauliza anatumia dawa gani. Manka akatoa kopo mkobani: doksisaiklini, ya kujikinga na malaria, kidonge kimoja kila siku. Unaimezaje? Usiku, akasema, nikiwa nimeshaingia kwenye neti, na funda moja la maji. Kwa nini funda moja? Kwa sababu nikinywa mengi nitaamka kwenda chooni, na choo kiko nje, na kuna mbwa.

Choo changu hicho. Mbwa wangu hao. Nikaangalia dari.

Tabibu akachukua karatasi akamchorea koo na tumbo, na kidonge kimeganda katikati ya njia. Dawa hii ukiimeza na maji kidogo halafu ukalala, inanasa na kuunguza. Inatakiwa baada ya chakula, glasi nzima ya maji, na ukae wima angalau nusu saa. Na ule wekundu ni dawa hiyo hiyo, inafanya ngozi isistahimili jua. Vile vidonge vyangu vya kutafuna navyo vikikutana nayo tumboni vinaizuia isiingie vizuri mwilini. Kwa hiyo mama mwenye nyumba nilikuwa nahujumu kinga ya mtoto wa watu kwa upendo kabisa.

Hata hivyo alimpima malaria: tone la kidoleni, robo saa hivi, mstari mmoja. Hana, na hakumwandikia dawa ya malaria. Ile doksisaiklini akaisimamisha, akapiga simu duka la dawa mjini kuulizia kinga ya aina nyingine. Ipo, ila bei yake uikalie chini kwanza. Akamwambia pia kwamba homa yoyote, hata akiwa amesharudi kwao, amwambie daktari alikuwa Tanzania, maana malaria inaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya kuumwa na mbu.

Kuna nesi wa makamo pale, huyo nampa nyota zake peke yake. Nilimlalamikia pembeni kwamba binti akiumwa anajifungia kwa ufunguo. Majirani wamekuja na mtori na pole zao, wakakaa kitandani kwake kama inavyotakiwa, yeye akalia. Kwetu mgonjwa aliyejifungia ni mgonjwa aliyezidiwa. Nesi akaniambia, "Mama, kwao kumwacha mgonjwa alale ndiyo kumjali." Akamgeukia Manka: "Na wewe ukifunga mlango, mama hapati usingizi." Tukakubaliana mlango usifungwe kwa ufunguo, wageni wamsalimie wakiwa mlangoni. Mama wa nyumba ya pili amenuna mpaka leo.

Bei: mimi ningelipa 10,000 kumwona daktari, Manka 30,000. Niliwaka. Mhudumu akanionyesha karatasi ukutani, bei ya raia na ya asiye raia, imepigwa muhuri. Haya, angalau imeandikwa, haikukisiwa kwa rangi ya mtu. Na risiti walimwandikia vizuri: jina la ugonjwa, kila dawa na bei yake, kwa Kiingereza, maana bima ya kwao hairudishi hela kwa risiti iliyoandikwa "matibabu" tu.

Nyota ya tano? Kijana wa maabara alitokeza kichwa koridoni, watu tumejaa, akapaza sauti: "Yule mzungu wa mkojo yuko wapi?" Manka Kiswahili chake ni kidogo, lakini "mzungu" na "mkojo" anavijua. Na mlango wa chumba cha daktari haufungi, ukikaa mwisho wa benchi unasikia shida za kila mtu. Mimi nimeshajua ya watu wawili wa mtaani kwetu ambayo sikutakiwa kuyajua.

Ukitaka kwenda, fika kabla ya saa mbili asubuhi, na ubebe dawa zote unazotumia, na makopo yake. Taa ya njia ya choo nimeshaweka.