Ofisi za malalamiko za benki za maendeleo: zinamfaa nini mwenye mikarafuu wa Pemba?

Barabara ikitaka kupanuliwa Pemba, kabla ya tingatinga hupita mthamini na daftari kuhesabu miti. Zanzibar ardhi ni mali ya umma, na mti una mwenyewe mbali na ardhi, kwa hivyo kwenye eka moja unaweza kukuta mikarafuu ya mtu na muhogo wa mwengine. Hapo ndipo fidia huharibika. Mkarafuu mchanga huandikwa mche tu, ilhali umeshatunzwa miaka na umebakisha kidogo kuanza kuzaa, na mti wa kuuchukulia nafasi utataka kama miaka sita hadi minane. Mlima muhogo pengine haandikwi kabisa. Sheha anatia saini, malipo yanatoka, aliyesahauliwa anaambiwa daftari limefungwa.

Ikiwa fedha za mradi zimetoka Benki ya Dunia, mtu huyo bado ana pa kwenda. Jopo la Ukaguzi la Benki hiyo lipo tangu 1993, na linawajibika kwa bodi ya wakurugenzi, si kwa maofisa wanaosimamia mkopo. Huduma ni bure, wakili si lazima, na barua inapokelewa kwa Kiswahili. Wanatakiwa walalamikaji wawili au zaidi. Waandike jina la mradi kama lilivyo kwenye ubao wake, shehia, madhara yaliyowapata au wanayoyaogopa, na lini waliieleza Benki yenyewe, kwa mfano ofisi yake ya Dar es Salaam. Hilo la mwisho ndilo watu wanalolisahau. Kulalamika kwa sheha na kwenye kamati ya malalamiko ya mradi ni vizuri, lakini Jopo litauliza kama Benki nayo iliambiwa na ikajibu nini. Ukiomba jina lako lisitolewe, halitolewi. Barua isiyo na jina kabisa haifanyiwi kazi.

Namna ya kuandika ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Barua inayosema "serikali imetudhulumu" inaanguka, maana Jopo halihukumu serikali. Linaangalia kama Benki ilifuata kanuni zake, na kama kutozifuata ndiko kulikoleta madhara. Kwa hivyo andika hivi: Benki ilikubali mpango wa fidia usiowataja walima vipando wasio na hati. Kanuni za Benki zinazotumika tangu Oktoba 2018 zinataka mali ilipwe kwa gharama ya kuipata upya, bila kukatwa uchakavu, na zinamtambua hata asiye na hati kwa mazao na majengo yake. Malalamiko ya zabuni yapelekwe kwengine, Jopo haliyapokei.

Kwa upande wa muda, mwanzo si mbaya. Siku 15 za kazi kusajili, 21 za maofisa wa Benki kujibu, 21 nyengine za Jopo kupendekeza kama uchunguzi ufanywe. Bodi ikikubali, tangu mageuzi ya 2020 pande mbili, walalamikaji na serikali iliyokopa, huulizwa kwanza kama zinataka usuluhishi. Zikitaka, unaweza kuchukua mwaka mmoja na kuongezwa miezi sita, na uchunguzi unasubiri muda wote huo. Barabara haisubiri. Wakati ripoti inatoka, lami imeshakauka na visiki vimeshang'olewa.

Ukitaka kuona nguvu na upungufu wa Jopo kwa pamoja, tazama Hifadhi ya Ruaha, Tanzania bara. Mradi wa REGROW, wa kukuza utalii wa hifadhi za kusini, dola milioni 150, uliidhinishwa 2017. Malalamiko ya kuhamishwa, kunyang'anywa ng'ombe na ukatili yalifika kwa Jopo 2023. Aprili 2024 Benki ilisimamisha malipo, Novemba mwaka huo mradi ukafutwa, na Aprili 2025 bodi ikapitisha mpango wa hatua. Kusimamisha fedha za mkopo mkubwa namna hiyo si jambo dogo, na wanakijiji wachache ndio waliolianzisha. Lakini Jopo halina mamlaka ya kuamuru fidia. Mfugaji aliyepoteza kundi lake hakuandikiwa hundi, na hilo ni kosa la mfumo mzima ambalo benki hizi hazijataka kulirekebisha.

Malalamiko juu ya hoteli ya kampuni binafsi iliyokopeshwa na IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni binafsi, hayaendi kwa Jopo, yanakwenda CAO, ofisi ya malalamiko ya IFC, na huko hata mtu mmoja anapokelewa. Wavuvi wa Mundra, India, walipeleka malalamiko yao ya mtambo wa umeme CAO 2011. Ofisi ikakuta IFC imekosea, IFC haikurekebisha ipasavyo, wavuvi wakaenda mahakamani Marekani. Mahakama ya Juu ya huko ilisema 2019 kuwa IFC haina kinga isiyo na mpaka, lakini kesi yenyewe ilikuja kutupwa. Kwa wavuvi wanaozuiliwa dago, yaani kambi yao ya uvuvi, na hoteli, huo ndio urefu wa njia. Benki ya Maendeleo ya Afrika nayo ina ofisi yake Abidjan. Ya Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ina faida moja ya pekee: usiporidhika, unaweza kukata rufaa kwa mchunguzi maalumu wa Umoja wa Ulaya.

Kwa maoni yetu huduma hii inafaa kutumika, lakini itumike mapema, fedha zikiwa bado zinatoka. Kwa miradi mipya ya Benki ya Dunia mlango uko wazi hadi miezi 15 baada ya mradi kufungwa, ila kwa wakati huo Benki haina tena cha kuzuia. Siku ya mthamini, piga picha ukurasa wa daftari wenye jina lako kabla hujatia saini, na picha ya kila mti pamoja na shina lake. Kama idadi au umri umekosewa, andika "sikubali" na sababu kando ya saini, kisha nakala moja ipeleke Benki wiki hiyo hiyo.