Mradi wa sanaa kuhusu uhuru katika maktaba ya jamii, Nakuru: maoni ya fundi cherehani

Kazi yangu ni kushona, kwa hivyo nitaanza na kitambaa. Walileta marekani nzuri, nzito. Kila mtu alipewa kiraka kimoja aonyeshe uhuru ni nini kwake, kwa rangi, uzi au maneno, kisha viraka vyote viunganishwe viwe pazia kubwa la kutundikwa maktabani. Kilichoniudhi ni gundi. Vijana waliotuongoza walikuja na chupa tele za gundi na sindano chache, na kiraka kilichogandishwa kwenye kitambaa kizito namna ile hakimalizi wiki kabla ya kuanza kubanduka. Mikasi nayo ilikuwa ya watoto wa chekechea.

Kiingilio hakuna, chai na mandazi vipo. Vikao ni Jumamosi asubuhi, siku ya wateja kwa sisi wenye vibanda, lakini wanafunzi wangepata nafasi lini tena?

Nilidhani tutachora bendera na ngao, kama shuleni Sikukuu ya Madaraka ikikaribia. Wapi! Swali la kwanza lilikuwa: taja jambo ambalo umewahi kulazimika kuomba ruhusa ndipo ulifanye. Watu walinyamaza kidogo, kisha hawakunyamazika.

Mzee mmoja aliyekulia kwenye shamba la settla upande wa Njoro alikata bati la kopo, akalikunja likawa kikasha, akakitia kamba. Vijana wakauliza ni nini. Kipande, akawaambia. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kutembea na cheti chenye alama za vidole na rekodi ya kazi zake, na wengi walikining'iniza shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, huwezi kwenda kutafuta kazi kwingine. Mzee alisema babake alikuwa akikivua usiku tu. Halafu akanigeukia: "Fundi, hebu nitobolee hapa kando nikishikize." Tulitumia sindano ya magunia.

Mimi nilishona mfuko. Wateja wangu wanawake siku hizi karibu wote wanataka gauni liwe na mfuko, na mama mmoja wa sokoni aliwahi kuniagiza nimtilie wa ndani, kiunoni, wa kuweka hela ambazo nyumbani hazijulikani. Basi nikashona kama ule, wa kitenge, wenye zipu. Chai ilipofika watoto walikuwa tayari wameujaza vikaratasi vyao.

Mradi uliyumba kwa msichana wa chuo aliyechora maandamano ya Juni 2024, yale ya Mswada wa Fedha: simu zimeinuliwa, bendera, moshi wa vitoa machozi. Mwongozaji akapendekeza kiraka hicho kiwekwe chini kabisa, pembeni, "kisituletee siasa". Sasa uhuru usio na siasa unauzwa duka gani? Msichana hakubishana. Alikwenda kwenye rafu, akarudi na Katiba ya 2010, akatusomea Kifungu cha 33, pale kinapotaja uhuru wa ubunifu wa kisanaa, kisha cha 37 kuhusu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Hapo ndipo nilipoona faida ya kufanyia jambo kama hili maktabani. Kwenye ukumbi wa kukodi tungebishana hadi jioni bila kuwa na kitabu cha kufungua.

Mwongozaji alikubali, tena bila kununa. Kiraka kikaenda katikati, kando ya bati la Mzee, na nilikishona mwenyewe, mshono wa kurudia, kisije kikahamishwa kirahisi.

Jambo lingine dogo: maelezo mengi yalitolewa kwa Sheng ya kasi, na wazee waliketi wakitabasamu tu hadi mtu awatafsirie. Warekebishe hilo.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ile moja wameigawana gundi na "siasa". Ukienda, usivae nguo ya kutokea, kwa sababu rangi wanazotumia hazitoki hata kwa jiki. Awamu inayofuata ni ya vikaragosi vya vitambaa. Nimeshajiandikisha, na mkasi nabeba wangu.