Elfu hamsini ya kwanza ya kripto: ipi ununue, ipi uiache

Mdogo wangu anayesoma UDOM alikuja nyumbani Nkuhungu na elfu hamsini mkononi. "Kaka, ninunue ipi?" Alikuwa anaulizia kripto, yaani sarafu za kidijitali. Nilimwambia aketi kwanza, maana aliyemshawishi alikuwa amemweleza faida tu, na bidhaa yenyewe hakumweleza ni kitu gani.

Kwa mtu wa Dodoma ni rahisi kuielewa kupitia ghala. Mkulima akipeleka dengu zake kwenye stakabadhi ghalani, anarudi nyumbani na karatasi. Mzigo uko kwa mwenye ghala. Karatasi ina thamani maadamu ghala lipo na mwenyewe ni mwaminifu.

Kripto haikai ndani ya simu. Iko kwenye daftari la wazi lenye nakala katika maelfu ya kompyuta duniani, ndilo wanaloliita blokucheni. Miamala huandikwa humo kwa mafungu, na kwa Bitcoin fungu jipya huongezwa kila baada ya dakika kama 10. Unachonunua ni haki ya kuhamisha kiasi fulani kilichoandikwa mle, na haki hiyo inafunguliwa kwa ufunguo wa siri. Anwani ni kama namba yako ya simu, mpe yeyote akutumie. Ufunguo ni namba ya siri, ila huu ukiupoteza hakuna wakala wa kukurudishia laini.

Sasa, ukinunua kwenye soko la mtandaoni ukaacha salio hukohuko, ufunguo anao mwenye soko. Wewe umeshika stakabadhi. Waliokuwa na salio kwenye soko la mtandaoni la FTX mnamo Novemba 2022 walikuwa na stakabadhi nzuri kabisa, na ghala likafilisika.

Kabla ya orodha, sheria. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akaitaka Benki Kuu ianze kujiandaa nazo. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Yaani kodi imekuja kabla ya kinga. Ukitapeliwa usitarajie fidia, kwa hiyo ada ya muhula na hela ya mbegu zikae mbali kabisa na habari hizi.

Nafasi ya kwanza: Bitcoin, kidogo kidogo

Naipa namba moja kwa sababu ndiyo rahisi kuieleza. Daftari lake lilianza Januari 2009, aliyeliandika alijiita Satoshi Nakamoto na hadi leo hajulikani ni nani. Zitatolewa sarafu milioni 21 tu. Wanaolinda daftari, wanaoitwa wachimbaji, hulipwa sarafu mpya kwa kila fungu, na malipo hayo hukatwa nusu kila baada ya miaka kama minne. Aprili 2024 yalishuka hadi 3.125.

Huhitaji kununua nzima. Bitcoin moja ina satoshi milioni 100, kwa hiyo hata elfu ishirini inakupa kipande. Ila ujue unapanda gari gani: Novemba 2021 ilifika karibu dola 69,000, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 16,000. Mtu anayehitaji hela yake mwezi ujao asiiguse.

Nafasi ya pili: sarafu ya dola, hasa USDT

Kama shida yako ni kumlipa mtu nje au kupokea malipo ya kazi za mtandaoni, hii ndiyo namba moja yako na Bitcoin irudi nyuma. Kampuni inayoitoa inaahidi kwamba kila moja ina dola moja nyuma yake, ndiyo maana bei haitikisiki sana. Hapo pia kuna ghala, na mwenye ghala. Machi 2023 mwenzake USDC, sarafu nyingine ya dola, alishuka hadi senti kama 87 kwa sababu sehemu ya akiba yake ilikuwa kwenye benki iliyoanguka Marekani, kisha akarudi kwenye dola. TerraUSD, ambayo haikuwa na dola ghalani bali hesabu za kompyuta, iliporomoka Mei 2022 na haikurudi. Kwa hiyo ukiambiwa sarafu ni tulivu, uliza imetulizwa na nini.

Nafasi ya tatu: Ether

Ni sarafu ya mtandao wa Ethereum, ulioanza 2015, ambao daftari lake linaweza kubeba mikataba inayojitekeleza yenyewe. Tangu Septemba 2022 haulindwi na wachimbaji tena, unalindwa na watu walioweka sarafu zao rehani. Kila muamala hukatwa ada inayoitwa gesi, na mtandao ukijaa, gesi inaweza kuizidi hela unayotuma.

Gesi hiyo ndiyo iliyonifundisha adabu. Nilitaka kutuma USDT kwenye soko moja, nikakwepa Ethereum nikachagua mtandao mwingine, wa BNB, kwa kuwa ada yake ni nafuu. Anwani za mitandao yote miwili zinaanza na 0x, kwa hiyo simu haikulalamika. Soko lile lilikuwa linapokea kwa Ethereum tu. Laki na themanini zangu nazisoma kwenye daftari mpaka leo, na kuzigusa siwezi. Mdogo wangu alicheka sana hapa, na mimi nilimwacha acheke.

Nafasi ya nne: sarafu za utani

Dogecoin ilianzishwa 2013 kwa mzaha, na nyingi zilizofuata hata mzaha hazina. Hela ya soda, basi.

Nje ya orodha kabisa: kifurushi chenye faida ya kila siku, na bonasi ukileta wenzako. Huo ni upatu uliovaa koti jipya. OneCoin ilikusanya mabilioni ya dola duniani bila kuwa na blokucheni ya kweli.

Namna ya kununua

Wengi hapa hununua mtu kwa mtu: muuzaji anaweka sarafu, soko linazishikilia, wewe unalipa kwa M-Pesa au Airtel Money, akithibitisha zinaachiwa kwako. Jina la anayepokea hela lilingane na jina lililo sokoni. Akisema mhamie WhatsApp mmalizane huko, ondoka. Siku ukiwa wewe ndiye unayeuza, angalia salio lako lenyewe, kwa sababu ujumbe wa malipo unaweza kutungwa na yeyote mwenye simu. Na kabla ya kutuma kiasi kikubwa popote, tanguliza kidogo uone kimefika.

Kisha hamishia sarafu zako kwenye pochi, yaani programu au kifaa kinachokutunzia ufunguo wako mwenyewe. Programu ya simu yatosha kwa elfu hamsini. Ukifika mamilioni, nunua kifaa maalumu kama Trezor au Ledger, kipya, kutoka kwa mtengenezaji. Kikija na maneno ya siri, yanayofungua pochi kama ufunguo, yameshaandikwa, aliyeyaandika anakungoja uweke hela.

Pochi yenyewe ndiyo inayokupa maneno hayo, 12 au 24, kutoka orodha ya maneno 2,048. Orodha ya Kiswahili haipo, kwa hiyo utayapata kwa Kiingereza. Nakili herufi kwa herufi, kwa kalamu, kwa mpangilio uleule, bila kupiga picha. Mdogo wangu aliandika nakala mbili. Moja anayo chuoni. Ya pili iko kwa mama Kibaigwa, ndani ya debe mojawapo kati ya madebe ya karanga, na mama mwenyewe amekataa kuniambia ni lipi.