Ukumbi wa kando ya Ziwa Tanganyika, mjini Kigoma: unafaa kwa hafla ya wanataaluma, ila mpangilio uusimamie mwenyewe

Tuliukodi ukumbi huu wa Kigoma mjini kwa hafla ya jioni ya kuwakutanisha mawakala wa forodha, wahasibu, wasafirishaji na maofisa wa benki wanaohudumia mizigo inayopita bandari ya Kigoma kwenda Burundi na Kongo. Watu hawa huongea kwa simu kila siku bila kujuana sura. Tulitaka wafahamiane, wabadilishane namba, na kila mmoja aondoke akiwa na mtu wa kumpigia mzigo unapokwama.

Kwa kigezo hicho, udhaifu mkubwa wa ukumbi ni mpangilio wa viti. Wahudumu wamezoea harusi na semina, hivyo tulikuta meza kuu iliyopambwa maua, na mbele yake safu za viti vilivyovalishwa vitambaa, vyote vikitazama upande mmoja. Mgeni akishakaa hapo, huongea na jirani wa kulia na wa kushoto mpaka chakula kiishe. Tuliomba viti vipunguzwe na meza ndefu za kusimamia zitawanywe katikati. Meneja alisita, akihofia kwamba wageni wenye vyeo wangejiona wamedharauliwa, lakini alikubali tulipobakiza viti kando ya ukuta kwa ajili ya wazee na yeyote atakayechoka. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyoifanya hafla ichangamke.

Chakula kilistahili sifa zote. Migebuka ililetwa ikiwa imetolewa miiba na kukatwa vipande vya kushikika kwa kijiti, nayo sambusa ilipitishwa kwenye sinia kutoka kundi hadi kundi, kiasi kwamba hakuna aliyelazimika kukatisha mazungumzo ili apange foleni ya sahani. Mpishi aliyefikiria miiba ya samaki kwa mtu anayekula amesimama anaijua kazi yake.

Muziki ulikuwa kero. Spika mbili kubwa zilielekezwa katikati ya ukumbi, na ilibidi kumwomba fundi mitambo mara kwa mara apunguze sauti, kwa sababu watu waliokuwa wakitajiana namba za simu walikuwa wakipiga kelele.

Kibaraza kinatazama magharibi, kuelekea milima ya Kongo, na ndicho kivutio kikubwa cha mahali hapa. Waandaaji wanaotoka Dar es Salaam wakumbuke kwamba huku jua huchelewa kuzama kuliko kwao. Saa kumi na mbili jioni bado linampiga mgeni machoni. Afadhali kuanzia ndani, kisha kuhamia nje giza linapoingia. Vilevile, Burundi na mashariki mwa Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja. Kadi ya mwaliko isiyoandikwa "saa za Tanzania" itawafanya wageni wa Bujumbura na Kalemie wafike hotuba ya ukaribisho imekwisha, na hao ndio ambao wenyeji wana hamu kubwa ya kukutana nao.

Malipo yalikwenda bila usumbufu, na risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi) ilitolewa siku hiyohiyo. Ukumbi huu nitaukodi tena, lakini kabla ya kulipa malipo ya awali nitadai mchoro wa mpangilio wa meza na kiwango cha sauti ya muziki viandikwe kwenye mkataba.