Karabini ya M1 kwa mkusanyaji: heri iliyokarabatiwa jeshini kuliko iliyopambwa

Kwenye soko la Marekani, karabini ya M1, bunduki fupi na nyepesi ya jeshi la Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia, huja katika hali tatu. Ipo ambayo haijaguswa tangu itoke kiwandani, ipo iliyopitia karakana za jeshi baada ya vita, na ipo ambayo raia ameivua vipuri na kuivika vingine ili "irudi kama ilivyokuwa". Ya kwanza ni adimu na kila muuzaji anajua thamani yake. Ya pili ndiyo inayostahili pesa za mkusanyaji wa kawaida. Ya tatu huuzwa kwa bei ya ile ya kwanza, na hapo ndipo watu wengi wanapopigwa.

Ugumu wa kuitambua ulianzia kiwandani. Kati ya 1942 na 1945 zilitengenezwa zaidi ya milioni 6, na wakandarasi wakuu walikuwa kumi: Inland ya General Motors kule Dayton, ambayo peke yake ilitoa zaidi ya milioni 2.5, kisha Winchester, Underwood, Saginaw, National Postal Meter, Quality Hardware, IBM, Standard Products, Rock-Ola na Irwin-Pedersen. Ni Winchester tu aliyekuwa mtengenezaji wa bunduki kabla ya hapo. Underwood walizoea taipureta, Rock-Ola masanduku ya muziki ya baa. Irwin-Pedersen walishindwa kazi, na Saginaw wakachukua kiwanda chao kule Grand Rapids. (Rock-Ola huuzwa ghali hadi leo kwa sababu zilitengenezwa chache na jina lake linachekesha. Ubora wake ni uleule wa wengine.)

Viwanda hivi vilikuwa na kamati ya pamoja iliyohamisha vipuri kutoka kwa mwenye ziada kwenda kwa aliyepungukiwa, ili mistari ya kuunganisha isisimame. Underwood waliwapa wenzao mitutu. Auto-Ordnance waliwatengenezea IBM baadhi ya risiva (kiunzi cha chuma kinachobeba bolti na mtutu), ndiyo maana kuna zilizopigwa chapa AOB. Risiva za Union Switch & Signal zilifika Quality, na hizo husomeka UN-QUALITY. Kwa hiyo karabini inaweza kutoka kiwandani ikiwa mpya kabisa na bado ikawa na herufi za kampuni tatu.

Mnunuzi asiyejua hilo hukimbilia herufi: W ni Winchester, U ni Underwood, R ni Rock-Ola, B ni IBM, Q ni Quality, N ni National Postal Meter, SG ni Saginaw, na S'G' ni Saginaw ya Grand Rapids. Akikuta kila kipuri kina W juu ya risiva ya Winchester, anatoa pesa. Lakini herufi zikilingana hivyo, kitu cha kwanza kinachothibitika ni kwamba mtu alikuwa na sanduku la vipuri vya W. Swali la kujiuliza ni kama vipuri vyote ni vya kipindi kimoja, na kama vimechakaa kwa kiasi kimoja.

Anza mbele, kwenye bendi inayoshika mtutu na kitako. Za mwanzo ni nyembamba, zikafuata pana zisizo na kishikio cha singe, na mwishoni mwa vita ikaja yenye kishikio cha singe ya M4. Karakana za jeshi zilibadilisha za zamani kwa wingi na kuweka hii ya mwisho. Sasa mrembeshaji anataka kurudisha ile nyembamba, naye ana kikwazo: bendi haitoki mtutuni mpaka kilengeo cha mbele kitolewe, na kilengeo hicho kimekaa kwa nguvu juu ya kabari ndogo na kufungwa kwa pini. Washa tochi, tazama nyuma ya kilengeo na kwenye vichwa vya pini. Mikwaruzo mipya inayong'aa juu ya mtutu, pini iliyotandazwa kwa nyundo, au kilengeo kilichopinda kidogo upande mmoja vinaeleza kilichofanyika. Mikwaruzo ya zamani iliyofunikwa na rangi ya fosfeti ni ya fundi wa jeshi, na haina ubaya.

Nyuma nako ni vivyo hivyo. Kilengeo cha awali ni kipande chenye umbo la L, upande mmoja kwa yadi 150 na mwingine kwa yadi 300. Cha baadaye husogezwa. Vyote viwili huingia kwenye mfereji mmoja wa risiva na kufungwa kwa kuponda chuma pembeni. Hesabu alama za kupondwa. Kilengeo cha L chenye alama za seti mbili kando yake kimerudishwa baada ya kingine kutolewa. Kile cha kusogezwa hufunika jina la mtengenezaji kwenye risiva nyingi, kwa hiyo muuzaji anayesema "ni IBM, jina liko chini" akuonyeshe kwa kioo au akubali bei ya isiyojulikana. Namba hubaki wazi nyuma ya kilengeo, nayo husaidia: fungu la kwanza la Winchester, kwa mfano, lilianzia 1,000,000.

Sefti ya mwanzo, yaani kizuizi cha kufyatua, ilikuwa ya kitufe na ilikaa jirani mno na kitufe cha kuachia magazini, askari wakawa wanaangusha magazini wakidhani wanaondoa sefti, ikabidi iwekwe ya kugeuza. Bolti (kipande kinachoteleza na kufunga nyuma ya risasi) za mwanzo ni bapa juu na aghalabu nyeusi, za baadaye ni za mviringo. Kifuniko cha mbao juu ya mtutu kilianza na ribiti mbili, kikaishia na nne. Bolti bapa, kilengeo cha L na sefti ya kitufe vikikutana na mtutu ulioandikwa 11-43, yaani Novemba 1943, vinaelewana. Mtutu wa 1945 ukiwa katikati ya vitu hivyo, kuna mtu aliyechanganya miaka.

Kitako ndicho kinachoghushiwa kirahisi zaidi. Nafasi ya kikopo cha mafuta ilianza na umbo la I kisha ikawa ya yai, na ndani ya mfereji wa mkanda huwa na herufi, mfano OI kwa vitako ambavyo Overton waliwatengenezea Inland. Muhuri wa Ordnance (idara ya silaha ya jeshi la Marekani) wa mizinga iliyopishana umepigwa upya kwenye vitako vingi vya leo. Muhuri wa zamani una kingo zilizolegea na mafuta yameingia ndani ya mistari. Mpya una kingo kali na mbao nyepesi chini yake. Ukiukuta mkali juu ya kitako kilichopigwa msasa mpaka mbao imeshuka chini ya chuma, weka chini uondoke.

Iliyokarabatiwa jeshini haifichi kitu. Kitako kina chapa ya karakana, kama AAA ya Augusta au RRA ya Red River, chuma chote ni kijivu cha fosfeti, sefti ni ya kugeuza, kilengeo ni cha kusogezwa. Zilizouzwa kwa raia miaka ya 1960 kwa takriban dola 20 ndani ya Marekani, na zile za baadaye za CMP (mpango wa Marekani unaouzia raia bunduki za ziada za jeshi), hazina chapa ya mwagizaji. Zilizorudi kutoka nje kupitia waagizaji wa kibiashara zina jina lao mtutuni kwa matakwa ya sheria ya silaha ya Marekani ya 1968. Chapa hiyo hushusha bei, na kwa anayetaka kupiga shabaha ni nafuu nzuri.

Kabla ya kulipa, omba ifunguliwe. Legeza skrubu ya bendi, bonyeza springi ya kulia, sukuma bendi mbele, toa kifuniko, inua mtutu kuanzia mdomoni. Mtutu ukiwa umekaa kitakoni bila bendi unapaswa kuinuka kidogo juu ya mfereji. Ukilala chini kabisa au ukicheza huku na huku, kibao cha chuma cha nyuma hakishiki vizuri na bunduki haitalenga. Nati ya pistoni ya gesi usiiguse. Risasi za kijeshi za Marekani za .30 Carbine hazikuwa na kemikali ya kutia kutu, kwa hiyo mara nyingi hakuna cha kusafisha humo, na nati iliyofunguliwa ovyo huharibu nyuzi zake.

Karabini za kiraia za baadaye za kampuni ya Universal zina springi mbili na vipuri vyake haviingiliani na vya jeshi, usizinunue kama akiba ya vipuri. M1A1, yenye kitako cha kukunja, ilitengenezwa na Inland tu, takriban 140,000, ilhali vitako bandia vyake vimejaa kila maonyesho. M1A1 juu ya risiva ya Underwood haikutoka kiwandani hivyo, hata mbao iwe kuukuu namna gani. Seti ya vipuri vya M2 vya kufyatua mfululizo iache mezani: sheria ya Marekani inaweza kuihesabu kuwa bombomu hata kama haijafungwa kwenye bunduki. Magazini ya risasi 15 ndiyo inayofaa kwa ya mwanzo. Ya 30 ilikuja na M2 na inahitaji kishikio cha magazini chenye mguu wa ziada kushoto. Bila mguu huo inalegea, na risasi ya juu inagota.