Vitu vya usalama wa mtoto toka Kariakoo: nanunua nini na naacha nini dukani

Mama wenzangu na akina baba mnaojiandaa, mtoto akishaanza kutambaa tu simu inajaa matangazo ya vitu vya usalama na kila duka lina seti yake, hela yenyewe ni hii hii ya kubana, sasa mi nimeona niandike nilivyoviona maana vingi nimevitumia nyumbani na vingine nimevishika dukani nikavirudisha. Kabla sijalipa huwa najiuliza swali moja tu, hiki kitu kinamzuia mtoto asifikie nini? Kama muuzaji hana jibu na mimi sina jibu, hakiendi nyumbani kwangu.

Kama una hela ya kitu kimoja, nunua geti. Watu wengi wanadhani geti la mtoto ni la wenye ghorofa, mi nakaa nyumba ya chini, ya kupanga, na limekaa mlango wa jikoni, na hapo ndo limefanya kazi kuliko kitu kingine chochote nilichonunua. Fikiria ule mtungi mdogo wa gesi unaopikia juu yake, unakaa sakafuni, maharage yanatokota usawa wa kifua cha mtoto anayejishika kusimama, hapo hata ukisema uko makini sekunde ya kugeuka kuchukua chumvi inatosha. Chupa ya chai, birika la umeme lenye waya unaoning'inia, kisu, vyote viko upande wa pili wa geti.

Yapo ya aina mbili. Kuna la kubana, lina skrubu nne za pembeni zenye raba unazungusha mpaka linakaza kwenye fremu, halitoboi ukuta kwahiyo mwenye nyumba hatagomba. Na kuna la kufungwa ukutani kwa skrubu na plagi. La kubana ni zuri mlangoni lakini USILIWEKE juu ya ngazi hata siku moja, mtoto akiliegemea mara kwa mara linaanza kulegea, alafu lina kile chuma cha chini kinachobaki hata ukifungua, mtu mzima amebeba mtoto akijikwaa pale wote wanakwenda chini. Juu ya ngazi ni la skrubu tu. Pima mlango kabla hujatoka nyumbani, pima juu na pima chini maana fremu zetu nyingi hazijanyooka, mageti mengi ya kawaida yanaishia kwenye sm 82 hivi na zaidi ya hapo unanunua kipande cha kuongezea. Kasoro yake ni kufungua kwa mkono mmoja, kwenye box wanasema rahisi lakini ukiwa na sufuria ya moto sio rahisi, na matokeo yake watu wanaliacha wazi, kwahiyo kaa na dada wa nyumbani mzoeshane nalo kabisa, na kila wiki zikaze zile skrubu.

Sasa vizibo vya soketi. Hivi ndo vya bei rahisi na ndo kila mtu anaanza navyo, na mi sivipendekezi kabisa. Soketi zetu Tanzania na Kenya ni zile za Waingereza za matundu matatu, na ikiwa ni soketi nzuri ndani ina vifuniko vidogo vinavyoziba matundu mawili ya chini yenye umeme, havifunguki mpaka ule mguu mrefu wa juu wa plagi uingie kwanza. Ndo maana mtu akitaka kuchomeka chaja ya miguu miwili anachomeka kalamu tundu la juu, si umeshaona? Sasa kile kizibo cha plastiki na chenyewe kina mguu wa juu, yaani kinafungua vile vifuniko, na kama vipimo vyake haviko sawa kinaachia nafasi au mtoto anakichomoa anakirudisha kichwa chini, ule mguu mrefu peke yake unaingia tundu la juu na tundu za umeme zinabaki wazi kwa ajili yake. Waingereza wenyewe mwaka 2016 idara yao ya afya ilitoa tahadhari vizibo hivyo viondolewe kwenye hospitali na sehemu za huduma. Hiyo hela mpe fundi umeme akubadilishie soketi za ovyo. Chungulia na tochi, ukiona chuma moja kwa moja ndani ya tundu basi hiyo haina kifuniko. Na zile ekstensheni za matundu ya kila aina ya plagi, nyingi hazina kinga yoyote na zinalala sakafuni nyuma ya TV, hizo ndo za kuogopa, zipandishe juu zifungwe ukutani.

Kufuli za makabati na droo, zile za mkanda wa plastiki unaobandika na gundi, nazipenda ila zina masharti. Kwa joto na unyevu wa Dar gundi inabanduka haraka ukiwa mvivu wa kuandaa, futa kwanza sehemu na spiriti, iache ikauke, bandika, alafu usiifungue kabisa mpaka kesho yake. Kwenye mbao iliyopakwa vanishi imekaa vizuri, kwenye ile mbao ya maganda maganda inabanduka na rangi yake. Weka kwenye kabati la chini ya sinki na droo ya visu, sio lazima kila mlango wa nyumba.

Ila kufuli haisaidii kama sumu iko kwenye chupa ya maji ya kunywa, na hapa naomba mnisikilize. Sabuni ya maji tunapimiwa kwenye chupa za maji, mafuta ya taa kwenye chupa za soda, dawa ya chooni hivyo hivyo, na mtoto anajua chupa ile ni ya kunywa. Afrika Kusini waliwahi kugawa vyombo vya mafuta ya taa vyenye kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua, utafiti wao ukachapishwa mwaka 1994, watoto waliokunywa mafuta ya taa walipungua karibu nusu. Kifuniko tu! Kwahiyo ukiona dukani chombo chenye kifuniko cha kukandamiza ndo uzungushe, nunua, hiyo ni bidhaa ya usalama kweli kweli hata kama haina picha ya mtoto. Na mtoto akinywa mafuta ya taa usimtapishe wala usimpe maziwa ili atapike, yale mafuta yakipanda na kuingia kwenye mapafu ndo yanaleta balaa, mkimbize hospitali na chupa yenyewe mkononi.

Kitu kingine ambacho hakiuzwi kwenye maduka ya watoto ni ndoo ya lita 20 yenye kifuniko cha kubana. Maji yanakatika kila siku kwahiyo nyumba zetu zimejaa ndoo na madiaba, mtoto wa mwaka mmoja kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, akiinama kwenye ndoo na kutumbukia hawezi kujinyanyua, na wala haihitaji maji mengi, na kuzama hakuna kelele. Nenda kwa wauza plastiki, kijaribu kifuniko palepale, kama wewe mwenyewe unatumia nguvu kukifungua basi hicho ndo chenyewe.

Woka. Najua nitapingwa na mabibi na mashangazi. Ni ile yenye magurudumu na muziki mtoto anakaa katikati anasukuma kwa miguu, zawadi ya kwanza ya kila sherehe. Mi nasema usinunue, na ukipewa usiitumie. Canada waliipiga marufuku mwaka 2004, huruhusiwi kuiuza, kuiingiza wala kuitangaza. Marekani utafiti uliotoka 2018 ulihesabu kwamba kati ya 1990 na 2014 watoto zaidi ya 230,000 wa chini ya miezi 15 walipelekwa hospitali kwa sababu yake, wengi wao waliporomoka kwenye ngazi. Ile kitu inaweza kwenda zaidi ya mita moja kwa sekunde, wewe uko kwenye kochi na unamwona kabisa lakini hutamfikia. Na kwetu sio ngazi tu, kuna kizingiti, kuna baraza lenye kingo ya kushuka uani, kuna jiko la mkaa nje, na mtoto akiwa ndani ya woka mkono wake unafika mezani ambako jana haukufika. Na haimuwahishi kutembea hata kidogo. Badala yake chukua ule uzio wa plastiki wa vipande vipande unaounga duara, mtandikie mkeka ndani, ni ghali zaidi ndio, lakini unaweza kwenda kuanua nguo ukarudi ukamkuta alipo. Angalia tu usiwe mfupi kuliko kifua chake akisimama, na vitasa vya kuungia viwe nje.

Kulala. Dukani utaonyeshwa seti nzuri sana, mto mdogo wa kutengeneza kichwa, mito ya kuzungushia pembeni za kitanda, na kale kagodoro kenye kingo. Yote iache. Mtoto mchanga alale chali, kwenye godoro gumu, bila mto na bila mito ya pembeni, kwa sababu uso ukizama kwenye kitu laini hana nguvu ya kujitoa. Marekani sheria ya 2022 imepiga marufuku kabisa kuuza zile kinga za pembeni za kitanda, na mwaka huo huo mamlaka yao ya dawa ikaonya kuhusu mito ya kutengeneza kichwa. Huku bado zinapangwa mbele ya duka, tena kwenye seti za zawadi ya uzazi.

Chandarua cha mwavuli kile cha kukunja, hicho nakikubali kwa mchana, kinamkinga na nzi na mbu akilala sebuleni, ila vingi havina dawa, mkono ukigusa wavu mbu anauma kwa nje. Usiku namlaza ndani ya chandarua chenye dawa tulichopewa kliniki, hicho ndo mfalme na ni cha bure, usikigeuze pazia. Kimetengenezwa kihimili kufuliwa mara 20 na kudumu kama miaka mitatu, kifue kwa sabuni ya kawaida bila jiki na ukianike kivulini, jua linaua dawa.

Vile vya kuziba kona za meza mtoto asijigonge: chukua vile virefu vya sponji vinavyozunguka meza nzima, acha vile vidogo vya mviringo vinavyong'aa, vinabanduka na vinaingia mdomoni. Kitu chochote kinachopita kwenye lile bomba la boksi la ndani ya toilet paper kinaweza kumkaba mtoto, pima nalo. Na taa za usiku za watoto, geuza uangalie betri, kama ni betri za kidonge na kifuniko hakina skrubu, rudisha. Betri ile ikikwama kooni inaanza kuunguza ndani ya saa mbili, hata kama mtoto analia kidogo tu, ukihisi kameza ni hospitali saa hiyo hiyo apigwe picha.

Kiti cha gari nitakuwa mfupi. Tafuta stika ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara na namba ya kiwango cha usalama, R44/04 au R129, bila hiyo ni kiti cha kukalia tu. R129 inataka mtoto atazame nyuma mpaka apite miezi 15, na kiti kinachotazama nyuma hakikai mbele penye eabegi (ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga) inayofanya kazi. Vya mtumba vipo vingi na ni vizuri kwa macho, lakini hujui kama kilishapata ajali, pindua uone tarehe iliyochapwa kwenye plastiki na kama haipo achana nacho. Kwenye bajaji hakina kazi, hamna mkanda wa kukifungia.

Duka ninalopenda liko ndani ndani huko Kariakoo na sababu ni moja, wanakubali ufungue box, ulisimamishe geti na ulitingishe kabla hujalipa. Maduka ya kuletewa na boda wengi hawarudishi hela, kwahiyo kwa geti na kiti cha gari nenda mwenyewe, nenda asubuhi kabla watu hawajajaa, na hesabu skrubu zote mbele ya muuzaji kabla hajafunga box.